Refa, Timu na Shabiki wa Mfangano

Wasomaji wetu wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu huijua Mfangano kwa jina tu, kama waijua. Ni kisiwa cha milima ndani ya Ziwa Viktoria, katika Kaunti ya Homa Bay, kifikiwacho kwa boti kutoka Mbita. Wenyeji wake ni Wasuba, ambao wengi wao siku hizi huzungumza Kijaluo, na riziki yao hutoka majini: mbuta, ngege, na omena, yaani dagaa wa ziwani. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na kadiri usiku unavyokuwa wa kiza ndivyo mavuno yanavyokuwa mema. Mbalamwezi ikiwaka, mashua hupumzika, na wanaume hupata wasaa wa mpira.

Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu mkubwa, amesomesha watoto kisiwani humo kwa miaka kumi na mitatu. Aliondoka Pwani akiwa mtu asiyejua hata mechi huchukua dakika ngapi. Leo hii ni shabiki wa kupindukia. Kwa upande wa klabu yeye ni wa Gor Mahia, kama majirani zake walio wengi: klabu iliyoundwa 1968 na kupewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, katika kaunti hiyo hiyo ya Homa Bay. Ukimuuliza imekuwaje mwalimu wa madrasa za jioni akashabikia jina la mganga, atakwambia yeye hushabikia miguu, si jina. (Mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards huitwa mechi ya mashemeji, na kila inapokaribia hakosi kunikumbusha.)

Malalamiko yake ni mawili, na hayabadiliki. La kwanza, refa ametuonea. La pili, timu haijui kucheza. Kwa kawaida huyatoa yote mawili kwa pumzi moja, bila kuona kwamba la pili lingeweza kulifuta la kwanza. Nimeona nichukue mwezi mmoja tu, Agosti 2025, niyapime malalamiko hayo kwa yale yaliyotokea, kwa sababu mwezi huo kila mtu aliona na kumbukumbu zipo.

Mwezi huo Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN, yale ya wachezaji wanaochezea ligi za nyumbani kwao. Kenya ilikuwa haijawahi kuyashiriki. Chini ya kocha Benni McCarthy wa Afrika Kusini, Harambee Stars iliifunga Kongo bao 1-0 tarehe 3, ikatoka sare ya 1-1 na Angola tarehe 7, ikaifunga Morocco 1-0 tarehe 10, kisha Zambia 1-0 tarehe 17. Ikaongoza kundi ambalo wengi tulidhani itaburura mkia.

Sasa tazama kadi. Katika mechi ya Angola, Marvin Nabwani alitolewa kwa kadi nyekundu mapema katika kipindi cha kwanza. Katika mechi ya Morocco, Chrispine Erambo naye alitolewa kabla ya mapumziko. Shemeji alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne kuhusu kadi hizo, na sitaurudia hapa kwa heshima ya ukurasa huu. Lakini matokeo yalikuwaje? Wakiwa kumi dhidi ya Angola, hawakufungwa tena. Wakiwa kumi dhidi ya Morocco kwa kipindi kizima cha pili, walilinda bao la Ryan Ogam mpaka kipenga cha mwisho. Morocco hiyo hiyo ndiyo iliyochukua kombe tarehe 30 Agosti kwa kuifunga Madagascar 3-2 hapo hapo Kasarani, na katika safari yake yote haikufungwa na mtu mwingine ila Kenya ya watu kumi.

Mechi ya Morocco iliangukia mwezi kumi na sita wa Safar, au karibu yake. Mwezi ulikuwa mpevu, omena hawavuliki, na kwa maelezo ya shemeji soko la Sena halikulala. Mechi ya robo fainali dhidi ya Madagascar ilikuwa Ijumaa ya tarehe 22, mwishoni mwa Safar, siku za kiza kinene. Jioni ile wavuvi walikuwa na boti za kusukuma majini na taa za kuwasha. Wengi wao waliipata habari ya mikwaju ya penalti wakiwa ziwani, kwa redio na simu, na pengine ilikuwa heri yao.

Kwani mambo yalikwenda hivi. Alphonce Omija aliifungia Kenya mara tu baada ya mapumziko. Madagascar ikasawazisha kwa penalti, baada ya mpira kugusa mkono ndani ya eneo la hatari. Dakika tisini zikaisha 1-1, muda wa nyongeza ukapita bila bao, na Kenya ikatolewa kwa mikwaju, 4-3. Kisiwani, kama kote nchini, penalti ile ya mkono ndiyo iliyobeba lawama zote. Mpaka leo ukimtajia shemeji Madagascar, atainua mkono wake na kuubana ubavuni akuonyeshe jinsi beki alivyokuwa.

Sheria ya mkono ni sheria ngumu, nami simlaumu mtu akitatizika nayo. Waandishi wa sheria za soka wenyewe waliigusa mwaka 2019, wakaigusa tena 2020, na tena 2021. Kiini chake ni hiki: si kila mpira unaogusa mkono ni kosa. Refa huuliza kama mchezaji ameusogeza mkono kuelekea mpira, au kama mkono umeufanya mwili kuwa mpana kuliko mwendo wake ulivyohitaji. Swali hilo la pili ni la rai, wala si la kipimo. Marefa wawili waadilifu waweza kuitazama picha moja wakatoa hukumu mbili. Hata mfumo wa video uitwao VAR, ulioingizwa rasmi katika sheria 2018, haukuja kuondoa rai. Ulipewa mambo manne tu ya kuingilia: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji aliyeadhibiwa kwa kosa la mwenzake, na hata hapo, pale tu kosa likiwa wazi.

Kuna jambo ambalo shemeji hulisahau, nami humkumbusha kila nipatapo nafasi. Ile sare na Angola, Kenya iliipata kwa penalti pia, aliyoipiga Austin Odhiambo. Sikupokea ujumbe wowote wa sauti siku ile kuhusu wepesi wa marefa kutoa penalti.

Kuhusu lalamiko la pili namwona ana haki zaidi kuliko anavyojua. Hesabu mabao: mechi tano, mabao matano, moja kila mechi, na hakuna hata siku moja Kenya ilipata la pili. Timu iliyofungwa mabao mawili tu katika mechi tano ina ngome ya kujivunia. Lakini timu isiyopata bao la pili huishi kwa rehema ya tukio moja: mkono mmoja, kona moja, utelezi mmoja. Dhidi ya Madagascar ilikuwa na wachezaji wote kumi na mmoja, uwanja wa nyumbani, na uongozi wa bao moja mikononi. Refa hakuwazuia kutafuta la pili. Walirudi nyuma kulinda, kama walivyofanya dhidi ya Morocco walipokuwa kumi, na mazoea ya dhiki yakawafuata kwenye nafasi. Hilo ndilo ningependa shabiki alilie. Lakini halipigiwi kelele, kwa kuwa halina sura; refa ana sura, ana jezi ya rangi yake, na amesimama katikati ya uwanja peke yake.

Hata hivyo nitakuwa simtendei haki shabiki nikisema tuhuma zake zimezuka hewani. Mwaka 2018, siku chache kabla ya Kombe la Dunia la Urusi, Aden Marwa, mshika kibendera wa Kenya aliyekuwa ameteuliwa kwenda huko, alionekana katika filamu ya mwandishi wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, akipokea dola 600. Alijiondoa kwenye safari, na baadaye Shirikisho la Soka la Afrika likamfungia maisha. Marwa alikuwa mwalimu wa sekondari katika Kaunti ya Migori, jirani kabisa na Homa Bay. Kwa watu wa Mfangano hiyo haikuwa habari ya mbali ya magazetini. Ilikuwa habari ya mtu wa upande wao, aliyekuwa fahari, akageuka ushahidi. Na mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne wa Kakamega Homeboyz kwa kupanga matokeo. Baada ya hayo, nani atamlazimisha mvuvi kuamini kila kipenga?

Tatizo ni kwamba tuhuma ikishaingia haichagui. Refa mla rushwa na refa aliyekosea kuona, na hata refa aliyepatia, wote huwa mmoja. Na refa anayekosea kuona ndiye aliye wengi. Mshika kibendera anapohukumu kuotea hutakiwa kuona mguu unaopiga pasi na mstari wa mabeki kwa wakati mmoja, ilhali pengine vimeachana mita thelathini. Katika fikihi yetu kadhi hukatazwa kuhukumu akiwa ameghadhibika. Refa hana ruhusa ya kuahirisha kesi mpaka ghadhabu yake itulie, wala ya watu elfu ishirini na saba, idadi ambayo Kasarani iliwekewa kama kikomo baada ya vurugu za mashabiki katika mashindano hayo hayo.

Na kelele zina nguvu kuliko tudhanivyo. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza waliwaonyesha marefa 40 wenye vyeti matukio ya mechi moja kwenye video, nusu yao wakisikia sauti ya mashabiki na nusu bila sauti. Waliosikia kelele waliihesabia timu ya nyumbani makosa machache, kwa takriban asilimia 15. Kwa hiyo shabiki anayezomea hajitulizi moyo tu. Anaisukuma mizani anayodai kuwa imepinda.

Nisingeyaandika haya yote kwa ajili ya Madagascar. Nayaandika kwa sababu ya mpwa wangu.

Mtoto wa pili wa shemeji ana miaka kumi na tisa, amelelewa huko huko, na kwa miaka miwili amekuwa akichezesha mechi za timu za fuo. Kila ufuo wa wavuvi una timu yake, na mechi hizo, zinazochezwa kwenye viwanja vya shule vyenye mteremko na mawe, huchukuliwa kwa uzito kuliko unavyoweza kufikiri. Alizisoma zile sheria kumi na saba kwa simu, akafundishwa kwa vitendo na refa mzee wa bara, na malipo yake ni nauli ya boti na soda. Dada yangu alifurahi: kijana wa umri ule, katika mahali ambapo wenzake wengi wamezama katika kamari ya mpira ya simuni, amepata shughuli inayomtaka awe mwadilifu.

Kamari hiyo, kwa kupita tu, imezidisha ukali wa kila kitu. Zamani mtu alipoteza mechi. Siku hizi hupoteza mechi na fedha ya unga, na refa huwa ndiye mwizi wa vyote viwili.

Mwaka huu, kwenye mechi ya fuo mbili zenye uhasama wa zamani, kijana alitoa penalti dakika za mwisho. Mkono, tena. Mpira ukaingia, mechi ikaisha, na watu wakavamia uwanja. Alipigwa kibao, akachaniwa jezi, na mama mmoja muuza samaki akamfungia ndani ya banda lake mpaka jioni. Shemeji alikuwepo. Kilichomuuma, kwa kauli yake mwenyewe kwa dada yangu, si kibao. Ni kwamba maneno aliyosikia mwanawe akitupiwa ni yale yale anayoyatumia yeye mbele ya televisheni, neno kwa neno, na kijana alikuwa amemsikia akiyasema tangu utotoni.

Nilimuuliza kijana kama ilikuwa mkono kweli. Akaniambia alikuwa hatua sita, jua likiwa mgongoni kwake, na mkono wa beki ulikuwa juu ya bega. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba katika mechi ya asubuhi siku ile ile alikosea kona mbili, na hakuna aliyeona.

Filimbi iko juu ya msumari chumbani kwake tangu siku ile. Viongozi wa fuo wamekwenda kuomba radhi, wameahidi kamba kuzunguka uwanja na wazee wawili kila upande. Refa yule mzee wa bara amepiga simu mara mbili. Shemeji amejitolea kushika kibendera, jambo ambalo lilimfanya dada yangu acheke kwa mara ya kwanza tangu mkasa ule, kwa kuwa macho yake hayaoni ubao wa darasani bila miwani. Msimu unaofuata unaanza omena wakifunguliwa. Kijana amesema atajibu kabla ya hapo.