Bwana Edouard Masengo na Gitaa Lake

Kabla Bwana Edouard Masengo hajaikanyaga ardhi ya Kenya, alikwisha kuitwa mtu wa Kenya. Hili si fumbo. Katika mji wa Elisabethville huko Katanga, ambao leo huitwa Lubumbashi, uko mtaa wenye jina la Kenya, na kundi moja la vijana wa huko liliitwa JECOKE, yaani, kwa Kifaransa, Vijana Wachekeshaji wa Kenya. Waliimba, wakacheza ngoma za kisasa na kuwachekesha watu. Masengo alikuwa mmoja wao.

Alikuwa pia ndugu wa Jean Bosco Mwenda, yule ambaye Bwana Hugh Tracey alimrekodi akipiga gitaa huko Jadotville mwaka 1952. Yafaa msomaji afahamu namna Wakatanga walivyopiga. Kidole gumba hushika nyuzi nene na kutunza mwendo, na kidole cha pili hutoa sauti ya wimbo juu yake, hata asikilizaye nje ya mlango hudhani wapigaji ni wawili. Mtu wa namna hii hahitaji bendi. Aweza kusimama peke yake mbele ya watu mia, akaimba, akanyamaza, akatia mzaha, na gitaa likaendelea kusema.

Masengo alifika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950. Aliyemsimamia ni Bwana Peter Colmore, Mwingereza ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa na kikosi cha kuwaburudisha askari wa Kiafrika, ambamo Fundi Konde alipiga gitaa. Sasa kazi yake Colmore ilikuwa muziki na matangazo ya biashara. Magazeti yaliwafikia wachache, kwa hiyo wenye bidhaa walitafuta mtu wa kuimba na kuchekesha. Bosco aliletwa mwaka 1959 kuitangaza dawa ya Aspro. Masengo alipewa soda, Coca-Cola, na kwa soda hiyo jina lake likaenea.

Tukumbuke aliwakuta watu wa namna gani. Waafrika wa Nairobi walikuwa wamewekwa upande wa mashariki wa mji: Pumwani, Kaloleni, Makongeni, Ziwani, Bahati na mitaa mingine ya jirani. Msako wa Aprili 1954 ulikuwa umewachukua maelfu ya wakazi wake na kuwapeleka kizuizini, na Hali ya Hatari haikuondolewa hadi Januari 1960. Nyumba ilikuwa chumba kimoja, mara nyingi wakilala humo wanaume kadhaa ambao wake zao walibaki shambani. Katika mitaa kama hiyo, mtu wa kuwachekesha watu hakuwa jambo dogo.

Tena alikuja na Kiswahili chake. Katika Kiswahili cha Katanga mtu ni muntu, watu ni bantu na vitu ni bintu. Mmvita angeziba masikio. Lakini Nairobi si Mombasa. Hapa Mluo, Mkamba na Mluhya walikuwa wakikisema kila mmoja kwa ulimi wa kwao, na mgeni huyu alieleweka bila mkalimani.

Wako wasemao kwamba msanii aliyeimbia soda alijishusha. Mimi sikubali. Siku zile wapiga gitaa wengi walilipwa mara moja tu kwa wimbo, santuri ikauzwa miaka mingi, na mwenye wimbo asipate hata senti ya pili. Sisi makarani ambao hupokea mshahara kila mwisho wa mwezi si wa kumcheka mtu aliyetafuta mlipaji wa kuaminika. Linalonisikitisha ni jambo jingine: chupa ilikumbukwa kuliko vidole. Vijana wa Kenya walikuwa wakijifunza gitaa kwa kuwasikiliza yeye na Bosco, wakirudia santuri hata ikakwaruza, lakini ukimtaja Masengo, wengi hutaja soda kwanza.

Baadaye alirudi kwao. Mwaka 1979 mpiga gitaa Mwingereza, John Low, alisafiri mpaka Katanga, ambayo wakati huo iliitwa Shaba, akiwatafuta wakongwe wa mtindo ule. Alijifunza kwa Bosco, kwa Losta Abelo, na kwa Masengo, kisha akaandika kitabu cha safari hiyo kilichotoka mwaka 1982. Hakwenda kuuliza habari za soda. Alikwenda kutazama kidole gumba.