Kutoka Uwanja wa Ndege Mpaka Hoteli

Ukienda Kinshasa kwa kazi au kwa matunzo ya mgonjwa, safari haijaisha ndege inapotua. Toka Ndjili mpaka Gombe, kwenye hoteli nyingi, ni zaidi ya kilometa 20, na Boulevard Lumumba hujaa magari. Basi tengeneza taksi mapema.

1. Mbele ya kuondoka, omba hoteli ikutumie motokari. Andika bei, jina la shofere na namba ya plaki.

2. Ukifika, usitaje jina lako. Shofere ndiye akutajie. Tazama plaki, kisha toa valizi.

3. Usipande motokari yenye watu usiowajua.

4. Funga mkaba, hata ukikaa nyuma. Motokari ikigonga kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 anarushwa kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 300. Mikono ya mama haiwezi kumzuia.

5. Shofere akisinzia au akinuka pombe, mwambie asimame penye watu, ushuke.

Taksi hulipwa mara moja. Mguu uliovunjika hulipwa miezi mingi, na jamaa yote.