Filamu za Sayansi Zinazoanzia Miguuni Petu

Nikiulizwa ni filamu gani za sayansi ninazozipenda kuliko zote, wengi hutarajia nitaje nyota au nyangumi. Hizo nazo nimezitazama kwa raha. Lakini nafundisha Baiolojia wilayani Kongwa, na kila ninapowawekea wanafunzi filamu kwa projekta na shuka jeupe ukutani, naona zinazowawasha ni zile zenye kitu wanachokipita kila asubuhi wakija shule.

Kichuguu, kwa mfano. Mwaka 1978 Alan na Joan Root, mke na mume waliokuwa wakiishi Kenya, walitoa Mysterious Castles of Clay, filamu nzima kuhusu mchwa, ikasimuliwa na Orson Welles na kuteuliwa kuwania Oscar. Kamera inaingia hadi ndani, kwenye vyumba ambamo mchwa wanalima. Nasema wanalima kwa sababu ndivyo ilivyo: wanakusanya majani makavu na vijiti, wanaotesha kuvu juu yake, na kuvu ndiyo inayowalainishia chakula. Uyoga ule mkubwa tunaouchuma juu ya vichuguu mvua zikishanyesha unatoka katika mashamba hayo. Wanafunzi wangu wamekula kumbikumbi tangu utotoni, ila hakuna aliyekuwa amewahi kufikiria kwamba chini yao kuna wakulima.

Ninayoipenda zaidi ni The Queen of Trees ya Mark Deeble na Victoria Stone, iliyotoka 2005. Ni habari ya mkuyu, mti uleule unaosimama kando ya makorongo yetu ya mchanga. Nyigu jike, mdogo wa kupenya tundu la sindano, anajisukuma kwenye kitundu cha kuyu changa, mahali pembamba hata mbawa zake zinakatika. Ndani ya kuyu ndimo maua ya mkuyu yalimojificha. Anayapaka chavua aliyokuja nayo, anataga mayai, anafia humohumo. Wanawe wa kiume wanazaliwa bila mbawa. Wanajamiiana na majike, wanatoboa njia ya kutokea, nao wanakufa. Majike wanaruka na chavua kutafuta mkuyu mwingine. Bila nyigu huyo mkuyu hauzai mbegu, na bila mkuyu huyo nyigu hana pa kuzaliwa. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu alinyanyuka darasani: “Mwalimu, kumbe makuyu yote niliyokula yalikuwa na watu ndani!” Kesho yake walikuja na makuyu mfukoni, tukayapasua kwa wembe mezani, na nyigu tukawaona.

Tena naamini filamu hizi zinafundisha subira kabla ya kitu kingine chochote. Katika Jane, ya mwaka 2017, iliyotengenezwa kwa picha alizopiga Hugo van Lawick, tunamwona Jane Goodall kule Gombe, aliyefika mwaka 1960 bila shahada ya chuo kikuu, akakaa na darubini mlimani mpaka sokwe wakamzoea. Shule yangu haina maabara ya kutosha, lakini subira na macho tunavyo.

Halafu iko inayotuhusu moja kwa moja. Mwaka 1983, karibu na Maradi nchini Niger, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alisimama njiani kupunguza upepo wa matairi. Miche aliyokuwa akipanda ilikuwa inakufa. Akakisogelea kichaka kidogo jangwani: kumbe ni machipukizi ya mti uliokatwa, mizizi ingali hai. Volker Schlöndorff wa Ujerumani ameisimulia safari ya Rinaudo katika filamu The Forest Maker. Nchini Niger njia hiyo ya kutunza machipukizi ya visiki imerudisha miti katika hekta zaidi ya milioni 5, na huku kwetu inaitwa Kisiki Hai. LEAD Foundation na Justdiggit ya Uholanzi wameieneza Dodoma tangu 2018, na sinema za vijijini zimekuwa sehemu ya kampeni. Unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogoa mengine, unafunga kitambaa kama alama, unalinda dhidi ya mifugo. Mzee aliyekata mgunga kwa ajili ya mkaa anaona kwenye skrini mti kama ule wake, umerudi kuwa mrefu kumzidi. Hakuna hotuba ya ofisa inayofikia hapo.

Kinachoniuma ni lugha. Karibu zote zimesimuliwa kwa Kiingereza, nami hupunguza sauti na kusimulia mwenyewe kwa Kiswahili, hivyo muziki na maneno mazuri ya msimulizi yanapotea. Nataka vijana wa Dodoma watengeneze zao. Waanze na mbuyu: maua yake yanafunguka jioni, popo wanayazuru usiku, na siku ya pili yameshanyauka. Simu nzuri, taa na mtu wa kukesha naye vinatosha kwa kuanzia, na mibuyu iko hapa nyuma ya madarasa.