Saa ya Maji

Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, bahari ndiyo inayopanga siku ya watu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana, kisha hupwa mpaka pwani yote ikabaki wazi. Kati ya bamvua mbili huja maji mafu, ambapo kujaa na kupwa hakutofautiani sana. Tena kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo kazi ya asubuhi ya wiki hii huenda wiki ijayo ikawa ya alasiri.

Wanawake wanaolima mwani, kilimo kilichoshika kasi hapa mwishoni mwa miaka ya 1980, hufuata mpango huo. Bamvua ikifika huteremka na kamba na vigingi, wafunge mbegu na kuvuna kabla maji hayajarudi. Wengine huenda kuchokoa pweza mawe yakiwa nje. Maji mafu yakiingia, hubaki nyumbani wakaanika mwani, wakasuka ukili, wakatembeleana.

Kwa mujibu wa mila, siku yenyewe huanza jua likichwa, si usiku wa manane. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa. Mwaka nao una hesabu yake ya kale: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za nyongeza, jumla siku 365. Unapoingia mwaka mpya, kwa kawaida mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi hufanya Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa magomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake huimba. Aliyekuwa na kinyongo na mwenziwe hukitoa hapo hapo, mwaka mpya usirithi ugomvi wa mwaka uliopita.

Mgeni akiwakuta watu barazani mchana kweupe husema hawa hawajali wakati, wanaishi leo tu. Kumbe kila mmoja pale anajua maji yatapwa saa ngapi kesho na bamvua ijayo ni lini. Wametulia kwa sababu kwa saa hiyo bahari haina kazi ya kuwapa, na haraka yao haiwezi kuyaondoa maji. Yakishapwa, baraza hubaki tupu.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kuishi katika wakati uliopo, kwa watu hawa, hakumaanishi kuisahau kesho. Ni kuitambua kazi iliyofika zamu yake na kuwahi, maana maji yakianza kujaa hayamngoji mtu amalize kufunga kamba yake.