Kusoma Ukimya: Kumbukumbu za Jamaa kama Chanzo cha Nasaba katika Mwambao wa Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Mtu wa mwambao wa Afrika Mashariki anapoulizwa asili yake hutaja jina lake, la baba yake na la babu yake mzaa baba. Majina hayo matatu tayari ni nasaba fupi ambayo kila mtu huibeba bila kuhitaji maandishi. Kwa vizazi vinavyoshuka, Kiswahili kina msamiati mpana: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe na kining'ina. Kwa vizazi vinavyopanda, baada ya babu na nyanya, msemaji kwa kawaida huunga maneno: baba wa babu, mama wa nyanya. Hapo ndipo kumbukumbu za familia nyingi huanza kufifia, na hapo ndipo kazi ya mtafiti wa nasaba huanza.

Makala haya yanafafanua namna kumbukumbu za jamaa zinavyoweza kutumiwa kufuatilia ukoo kupita kizazi cha tatu. Hoja yake kuu ni kwamba mapengo katika masimulizi ya nasaba hayatokei ovyo. Yana mpangilio na yana sababu. Kwa hiyo pengo lenyewe ni data. Hoja hii inajadiliwa kwa kurejelea koo za mwambao zilizoguswa na utumwa, ambamo suala la nani akumbukwe na nani asahauliwe lingali na athari kwa watu walio hai.

2.0 Namna Nasaba Inavyofupika

Wataalamu wa masimulizi simulizi, akiwamo Jan Vansina (1985), wameonyesha kwamba nasaba inayosimuliwa hubadilika kulingana na mahitaji ya wanaoisimulia. Mfano mashuhuri ni wa Wagonja wa kaskazini mwa Ghana, ulioelezwa na Goody na Watt (1963). Mwanzoni mwa karne ya 20, masimulizi yaliyoandikwa na maofisa wa Kiingereza yalisema kuwa Jakpa, mwasisi wa dola hiyo, alikuwa na wana saba, na kila mmoja alitawala jimbo moja kati ya majimbo saba. Miaka 60 hivi baadaye, majimbo mawili yalikuwa yametoweka. Masimulizi yaliyokusanywa wakati huo yalimtaja Jakpa kuwa na wana watano. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Wana wawili walisahauliwa kwa sababu hapakuwa tena na jambo la kueleza kwa kuwataja.

Laura Bohannan (1952) alibainisha hali inayofanana na hiyo miongoni mwa Wativ wa Nijeria. Nasaba zilizokuwa zimeandikwa na watawala wa kikoloni zilionekana na Wativ wa kizazi kilichofuata kuwa na makosa, ilhali nasaba walizozitaja wao wenyewe waliziona kuwa ndizo sahihi.

Katika mwambao, ufupishaji huu husaidiwa na desturi ya kutoa majina. Mjukuu hupewa mara nyingi jina la babu yake. Ukoo ukiwa na mfuatano wa Hamisi bin Salum bin Hamisi bin Salum, ni rahisi kwa Hamisi wawili kuunganishwa kuwa mtu mmoja na vizazi viwili kupotea. Dalili ya kosa hili ni babu mmoja kuhusishwa na matukio ambayo mtu mmoja hangeweza kuyaishi yote.

3.0 Ukimya Wenye Sababu

Si kila jina hupotea kwa kusahauliwa. Mengine hunyamaziwa. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na soko la watumwa la Zanzibar vilipigwa marufuku mwaka 1873. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Hata hivyo, amri ya 1897 haikuwapa masuria haki sawa na watumwa wengine. Suala lao lilibadilishwa kwa amri ya 1909. Hivyo basi, katika familia nyingi kumbukumbu ya utumwa haiko mbali. Mzee aliyezaliwa katika miaka ya 1930 angeweza kulelewa na nyanya aliyezaliwa utumwani.

Ukimya huo huonekana kwa namna mbili. Kwanza, nyanya hutoweka. Kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana wake na kukubaliwa naye ni huru na humrithi baba yake sawa na watoto wa mke wa ndoa. Mtoto huyo hupata nasaba kamili ya upande wa baba, ilhali jina na asili ya mama havina nafasi katika mfuatano wa "bin" na "binti". Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 kwamba mama yake alikuwa suria wa asili ya Kicherkesi aliyeitwa Jilfidan. Nasaba ya kiume peke yake isingelihifadhi jina hilo.

Pili, asili hubadilishwa. Kati ya sensa za Zanzibar za mwaka 1924 na 1931, idadi ya waliojitambulisha kuwa Waswahili ilishuka sana. Muda wa miaka saba hautoshi kwa vifo au uhamaji kueleza mabadiliko hayo. Jina "Mswahili" lilikuwa limeanza kuhusishwa na asili ya utumwa, na watu wengi walichagua utambulisho mwingine. Mtafiti anayepokea jibu la mtoa taarifa kuhusu kabila la babu yake hana budi kuuliza pia ni lini jibu hilo lilianza kutolewa.

4.0 Mbinu za Kupima Kumbukumbu

Mbinu ya kwanza ni kuandika mnyororo wa kila taarifa. Elimu ya hadithi katika Uislamu imezoea kuuliza nani alisikia kwa nani. Kanuni hiyo ya isnadi inafaa pia katika utafiti wa nasaba. Binamu watatu wakitaja jina lile lile, lakini wote walilisikia kwa nyanya mmoja, ushahidi uliopo ni wa shahidi mmoja. Thamani huongezeka pale jina linapotajwa na matawi mawili ya ukoo yaliyotengana zamani na yasiyosimuliana.

Mbinu ya pili ni kufunga kumbukumbu kwenye matukio yenye tarehe. Wazee wengi hawataji mwaka wa kuzaliwa kwa babu zao, lakini husema kwamba alikuwa ameoa wakati wa Vita vya Majimaji (1905–1907), au kwamba alichukuliwa kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918). Kukadiria kwa kuhesabu vizazi pekee ni hatari. Vizazi vitano vya miaka 25 ni miaka 125. Vizazi hivyo hivyo vya miaka 33 ni miaka 165. Tofauti ya miaka 40 inatosha kumtoa mtu katika enzi ya Barghash na kumweka katika enzi ya Seyyid Said.

Mbinu ya tatu ni kuwahoji wanawake peke yao, hasa mashangazi na nyanya. Kitabu cha Mirza na Strobel (1989) kuhusu maisha ya wanawake watatu wa Mombasa kinathibitisha kwamba masimulizi ya wanawake hubeba uhusiano ambao nasaba ya kiume huuacha: ulezi, unyumba, ngoma, na mahusiano ya waungwana na wazao wa watumwa ndani ya mtaa mmoja.

Mbinu ya nne ni kulinganisha na maandishi. Misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, na makazi ya Frere Town karibu na Mombasa, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1870, yaliwapokea watumwa waliokombolewa. Maandishi ya ubatizo na ya mahakama huweza kutoa jina ambalo familia haikulitamka. Majina kama Mabruki, Feruzi na Almasi, ambayo yalitolewa mara nyingi kwa watumwa, huweza kuwa dokezo, lakini hayatoshi kuwa thibitisho.

5.0 Wajibu wa Mtafiti

Kuufungua ukimya kuna gharama. Kumtaja bibi kuwa alikuwa mtumwa kunaweza kuathiri heshima ya wazao wake, hata mazungumzo ya posa. Kwa upande mwingine, baadhi ya wakfu Unguja ziliwekwa kwa manufaa ya watumwa walioachwa huru na wazao wao. Katika hali hiyo, asili inayofichwa kwa aibu ndiyo hiyo hiyo inayothibitisha haki. Mtafiti hawezi kuamua kwa niaba ya ukoo ni lipi lililo zito zaidi. Zaidi ya hayo, ridhaa ya mtoa taarifa mmoja si ridhaa ya jamaa wote wanaotajwa katika masimulizi yake. Ndiyo maana kuficha majina, na kuurejesha mchoro wa nasaba kwa wanaukoo kabla ya kuuchapisha, ni sehemu ya uhalali wa utafiti.

6.0 Hitimisho

Nasaba inayotokana na kumbukumbu za jamaa haipaswi kupokewa kama orodha kamili ya mababu, wala kukataliwa kwa kuwa ina mapengo. Ni kauli ya walio hai kuhusu nani wanamhitaji kati ya waliotangulia. Mtafiti anayejaza kila pengo kwa makisio hupata mchoro usio na dosari lakini usio wa kweli. Anayeacha pengo wazi, akaandika nani alinyamaza, mbele ya nani na kuhusu kizazi kipi, humwachia mtafiti ajaye jambo analoweza kulipima.