Kimya cha Pili

Msomaji wetu mmoja, bibi asomaye shahada kwa masafa huku akisimamia duka lake mchana kutwa, ametuandikia kulalamika kwamba mwalimu wao, baada ya kuwapa mihadhara yote katika intaneti, huwalazimisha kila wiki kuandika rai zao juu ya swali moja na kuwajibu wenzao wawili, jambo ambalo yeye aliona ni kupoteza wakati. Jibu la bibi huyu limo katika madarasa ya watoto wadogo huko Marekani, alikoingia Mary Budd Rowe, mtaalamu wa elimu ya sayansi, akiwa na kinasa sauti, akapima kimya kinachofuata swali la mwalimu.

Kimya hicho, kama alivyoeleza katika makala yake ya mwaka 1974, kwa wastani kilikuwa sekunde 1 tu, kisha mwalimu huuliza upya, au humgeukia mwingine, au hujijibu mwenyewe. Walimu walipozoezwa kunyamaza kwa sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wasiojibu kitu wakapungua, na watoto waliodhaniwa wazito wakaanza kusema.

Lakini kilichonishika mimi ni kimya cha pili, kile kijacho baada ya mwanafunzi kwisha kujibu. Mtu anayefikiri hasemi kama maji ya mfereji, bali kwa mafungu: hutoa fungu, akatua, akajisikia, akatambua kuwa neno lake limepwaya, ndipo atoe fungu jingine lenye “kwa sababu” na “isipokuwa”, na mwalimu arukiaye kituo hicho kwa “vyema!” yake, ijapokuwa nia yake ni safi, hulikata lile fungu ambalo ndilo lililobeba akili yenyewe.

Rowe alikiita kimya hiki kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya wakati wa kungoja, tafsiri nisiyoiridhia, kwa kuwa angojaye hukaa bure kama abiria bandarini, ilhali huyu yumo kazini. Nafasi ni neno pana mno. Muhula ndilo hasa, kwani mdaiwa hupewa muhula ili akatafute cha kulipa, nalo lingetutosha lau shule hazikuliteka zikalifanya miezi ya masomo. Basi nitasema muhula wa taamuli, na atakayecheka alete lake.

Muhula huo ni adimu katika darasa la ana kwa ana, ambalo ni kama baraza ya kahawa, ambapo mwenye ulimi mwepesi huliteka neno hata kikombe cha mwenziwe hakijapoa. Ama mjadala wa maandishi ni kama malumbano ya mashairi katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923. Malenga aliyetupiwa fumbo gazetini alikuwa na siku nyingi za kulisoma shairi la mwenziwe neno kwa neno, maana ilimpasa ajibu kwa vina vile vile, akaandika, akafuta, akamsomea mkewe usiku, akafuta tena. Na yule wa kwanza, jibu lilipotoka, alirudi kulisoma shairi lake mwenyewe akaliona pengo ambalo siku ile hakuliona, na hapo ndipo kimya cha pili kilipofanya kazi yake. Wala fumbo lenye jibu moja halilumbwi. Mwalimu aulizaye mwaka wa tukio fulani asistaajabu akipata “nakubaliana nawe” ishirini.

Kweli Rowe aliwapima watoto wenye kusema, si watu wazima wenye kuandika, tuyapite hayo.

Basi bibi, wiki hii usijibu siku ile ile. Lifunge duka, ulale nalo swali, uandike asubuhi. Na mwenzio akikujibu, kabla hujamrudishia neno, kasome kwanza ulichokiandika wewe.