Je, Wajua? Chai Ulaya, Mlo wa Mchana Asia

Wewe unayesoma au kufanya kazi Uturuki, hasa uliyeko Ankara, wikendi hii funga kibegi chako uende Istanbul. Treni ya mwendo kasi itakufikisha kwa muda wa chini ya saa tano. Lakini kabla hujapanda, sogea hapa kidogo, nina mambo!

Je, wajua kwamba huna haja ya kuhesabu vidole ndipo umpigie mama simu? Tangu 2016 Uturuki inafuata saa ileile ya Nairobi na Dar es Salaam, mwaka mzima. Sasa ona maajabu yake: Desemba, jua la Istanbul huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi, na Juni huzama karibu saa mbili na nusu usiku! Jumamosi ya kiangazi huko haiishi leo.

Je, wajua kwamba jiji hili limekalia mabara mawili? Unakunywa chai Eminönü, Ulaya. Unapanda feri, unawarushia shakwe vipande vya simit, ule mkate wa duara uliojaa ufuta, na baada ya dakika kama 20 unashuka Kadıköy, Asia! Hakuna pasipoti, hakuna viza; kadi unayolipia basi ndiyo hiyohiyo unayolipia feri. Na penye wembamba kabisa, maji ya Bosphorus yanayotenganisha mabara hayo yana upana wa mita 700 tu.

Ukishafika Kadıköy, kumbuka hili: Mbwana Samatta, nahodha wa Taifa Stars kwa miaka mingi, alisajiliwa na Fenerbahçe mwaka 2020, na uwanja wao uko hapohapo. Watani wao wa jadi, Galatasaray, wako ng'ambo, Ulaya. Jiji moja, mechi moja, mabara mawili!

Hupendi mawimbi? Pita chini ya bahari. Treni ya Marmaray ilianza 2013, na ilichelewa miaka kadhaa kwa sababu tamu kupindukia: wachimbaji walipofika Yenikapı walikuta bandari ya kale, na ndani yake mabaki ya meli 37. Thelathini na saba, ndugu yangu! Baadhi zilikuwa bado na shehena. Wakachimba zaidi, wakakuta nyayo za watu walioishi pale miaka kama 8,000 iliyopita. Na wewe unapita hapo ukichezea simu?

Kuna reli nyingine ya chini ya ardhi, Tünel, yenye urefu wa mita 573. Safari nzima ni kama dakika moja na nusu. Ilifunguliwa 1875, London pekee ndiyo iliyoitangulia!

Je, wajua kwamba Hagia Sophia ilijengwa kwa miaka mitano tu? Ilikamilika mwaka 537, kuba lake la leo liko juu mita 55 kutoka sakafuni, na kwa karibu miaka 1,000 hapakuwa na kanisa kubwa kuliko hilo duniani. Mwaka 1453 likawa msikiti. Panda ghorofani, utazame ukingo wa marumaru: kuna Mviking aliyechonga jina lake pale, na sehemu yake bado inasomeka. Halfdan!

Sasa shika hili, nalipenda kuliko yote. Hatua chache kutoka hapo, chini ya miguu yako, kuna tangi la maji la karne ya 6 lenye nguzo 336, kila moja mita 9. Jiji lilikuwa limelisahau! Msomi Mfaransa, Pierre Gilles, alipofika karne ya 16 alikuta wenyeji wakichota maji kupitia matundu ya sakafu za nyumba zao, na wengine wakivua samaki humohumo ndani. Samaki, sebuleni! Leo unateremka ngazi na kutembea kati ya nguzo hizo. Nenda hadi mwisho: nguzo mbili zimekalia vichwa vya Medusa, kimoja kimelala ubavu, kingine kimepinduliwa juu chini.

Msikiti wa Süleymaniye nao, kazi ya msanifu majengo Sinan, ulijengwa hivi kwamba upepo ulivuta masizi ya taa zote hadi chumba kimoja juu ya mlango. Masizi hayo yakatengenezwa wino!

Kahawa je? Miaka ya 1550 Wasyria wawili, mmoja wa Aleppo na mwingine wa Damascus, ndio waliofungua migahawa ya kwanza ya kahawa mjini humo.

Soko Kuu lina mitaa 61 iliyoezekwa na maduka yapatayo 4,000. Sikiliza vizuri: Jumapili limefungwa! Nenda Jumamosi.

Na Jumapili? Nenda uwanja wa Sultanahmet, ukatafute Mwafrika mwenzako. Ni nguzo ya jiwe iliyochongwa kwa amri ya Farao Thutmose III wa Misri, zaidi ya miaka 3,400 iliyopita, na iliyosimamishwa hapo mwaka 390. Alama zake ni safi ajabu, utadhani fundi kaondoka juzi! Iko nje, haina tiketi, haina mlango. Treni yako ya kurudi ni ya jioni, si ndiyo? Basi muda unao.